Matita Mlangoni kwa Mama Hadija

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka huinuka kwanza kwenda kuangalia kama mlango nimeukomea. Ilikuwa hapa hapa Mazingara, wewe ukiwa umeanza darasa la kwanza. Nilitoka na ufagio nifagie uwanja kabla jua halijawa kali, nikaona watu wamekusanyika kwa jirani yetu Mama Hadija, ng'ambo ya njia. Nikawasalimu kwa sauti kama kawaida yangu. Hakuna aliyeitikia. Na unawajua watu wa hapa. Hata wenye kesi husalimiana kwanza, wakaulizana habari za watoto, za shamba na za kuku, ndipo wagombane. Asubuhi ile hata kuku hawakuulizwa.

Nikasogea na ufagio wangu mkononi. Kwenye kizingiti cha Mama Hadija palikuwa na tita la majani ya mahindi, mabichi, yamelinganishwa vizuri, yamefungwa katikati kwa kamba ya gome la mgomba. Ndani mtoto wake, Hadija, alikuwa analia kwa homa iliyompanda tangu jana yake. Mama Hadija alikuwa amesimama pembeni ya mlango wake mwenyewe, anaogopa kuruka lile tita aingie kwa mtoto.

"Nani ananitega mimi?" akasema. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningeogopa kidogo tu.

Halikuwa tita la kwanza. Wiki ile mengine yalikuwa yameokotwa kwenye njia ya kisimani, moja kwenye mashine ya kusaga, jingine penye lango la boma la wafugaji upande wa nyika, hata wale ndugu wakahamisha njia ya ng'ombe wao. Kila mahali lilikuwa tita lile lile: majani yaliyolingana, kamba katikati, limewekwa sawasawa na njia kama kitu kinachosubiri kuchukuliwa. Kijiji kizima kilikuwa kimekwisha kulipa jina. Tego. Na mtego wa uchawi, mwanangu, lazima uwe na mtegaji.

Mimi nililijua lile tita. Nilikijua kile kifundo, maana nimekua nikikiona. Nikasimama pale na watu wakisikitika, nikasikitika nao. Yule mtegaji waliyekuwa wanamtafuta alikuwa nyumbani kwangu, amekaa kwenye kigoda, anasubiri uji. Alikuwa baba yangu.

Babu yako Kastuli hakuwa mtu wa Handeni. Wazazi wake walitoka kusini huko wakafuata kazi ya mkonge, yeye akazaliwa kambini upande wa Korogwe, akakulia kambini, akaukata mkonge mpaka mgongo ukapinda. Kazi yake ilikuwa hivi. Kabla hakujapambazuka kipande cha reli kilichotundikwa kinagongwa, kila mtu anashika kisu chake. Unakata majani ya mkonge, unayalinganisha, unayafunga tita, unayapanga pembeni ya njia ya toroli. Mnyapara anapita, anahesabu. Akisema sawa, umemaliza kipande, yaani kazi yako ya siku, na unaweza kurudi ukala. Asipohesabu hujafanya kazi, hata kama mikono inatoka damu. Baba aliishi hivyo tangu ujana, na sisi watoto wake tulicheza na matita badala ya wanasesere.

Mimi sikukata mkonge. Nilitoroka mapema, nikaenda kukaanga maandazi stendi ya Korogwe, magari ya Dar na Arusha yakisimama nakimbilia madirishani na beseni. Hapo ndipo baba yako alininunulia maandazi na kusahau chenji makusudi, safari baada ya safari, mpaka nikaelewa. Akanileta kwao Mazingara. Mama alipofariki na kambi ile kubaki na majengo matupu, nikamchukua baba, akawa anaishi nasi. Wenyeji walimpokea vizuri. Mgeni mpole, Mkristo wa watu, anayesalimia hata watoto. Lakini hapa watu wanalima mahindi. Hakuna aliyewahi kuona mkonge unavyofungwa. Kambini tita likikutwa njiani ni kazi ya mtu. Huku lilikuwa kitu kingine kabisa.

Kusahau kwake kulianza polepole. Aliniita jina la dada yake, tukacheka. Akauliza mama yupo wapi, nikamweleza, akalia msiba upya kama ndiyo kwanza unatokea. Kesho yake akauliza tena. Nikajifunza kumwambia amekwenda sokoni. Baadaye akaanza kuamka mapema sana, anahangaika, anasema reli imegongwa na yeye amechelewa. Siku nilipomkuta katikati ya shamba la watu, panga mkononi, umande umemlowesha mpaka kiunoni, ndipo nilipoogopa kweli. Fikiria wewe unakwenda kisimani alfajiri, unakutana na mzee kimya mwenye panga anayekata mahindi yasiyo yake na kuyafunga.

Tukaficha panga. Akakata kwa mikono. Asubuhi ile ya Mama Hadija viganja vyake vilikuwa vimechanika, na mimi sikuwa hata nimeviona.

Nilirudi ndani nikamwambia baba yako. Unamkumbuka baba yako, Mungu amrehemu, mtu wa maneno machache. Alikaa chini. Akaniuliza kama nimemwambia mtu. Nikamwambia sijamwambia. Akasema, "Basi usimwambie." Sote wawili tulikuwa tunafikiria jambo moja bila kulitaja. Palikuwa na bibi mmoja wa kijiji cha mbali kidogo, alisahau hivyo hivyo, akawa anaingia nyumba za watu akidhani ni zake. Walisema anawanga. Nyumba yake ilichomwa moto yeye akiwa ndani, na wanawe walitoka wilaya hii hawajarudi mpaka leo. Hiyo habari tuliisikia sote. Wewe ulikuwa mdogo, hatukukuambia. Wiki ile ile tulikupeleka kwa shangazi yako Chanika, pale Handeni mjini, ukadhani ni likizo, ukarudi umenenepa kwa chapati zake.

Tukamfungia baba chumba cha nyuma, kile cha kuwekea mahindi. Sijui nikuelezeje ile sauti. Reli yake ya kichwani ilipogongwa aliamka, akakuta mlango haufunguki, akaanza kuupiga kwa viganja vile vilivyochanika. Hakutukana. Alikuwa anaomba msamaha. "Mnyapara, nisamehe, mlango umekwama. Nakuja. Usinifute." Na mimi nimekaa upande wa pili wa mlango ule, nimeziba masikio kwa kanga, nasali majirani wasisikie. Nilikuwa namwogopea baba, na nilikuwa namwogopa. Hayo mawili yalikaa pamoja, na sioni sababu ya kukuficha.

Mchana wake habari ikaja kwamba watu wamechanga, analetwa mganga maarufu kutoka mbali. Atakuja Jumamosi, baada ya gulio. Atapita nyumba kwa nyumba na kumtoa mtegaji hadharani. Na Hadija homa ilikuwa haijashuka, mama yake amekataa kumpeleka popote, anasema dawa ya hospitali haiwezi kitu cha kutupiwa. Nikaelewa kwamba yule mtoto akifa, baba yangu naye amekufa.

Aliyetuokoa alikuja kuomba moto. Bibi Mkunde, yule mfupi aliyekuwa anavaa koti la mume wake marehemu, masika na kiangazi. Alikuwa mjumbe wa baraza la wazee la kijiji. Mimi nilikuwa najua lile baraza ni la kukaa meza kuu siku kiongozi akija, basi. Bibi Mkunde alifika na kigae chake cha kuchukulia makaa, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla hajakaa baba akaanza kupiga mlango.

"Nini hicho?" akauliza.

"Mbuzi, bibi. Anasumbua, tumemfungia."

Akatega sikio. Baba alikuwa anaomba msamaha wake ule ule.

"Mbuzi wako ana adabu sana, Yusta," akasema. "Hebu mfungulie nimsalimie."

Nililia pale pale, mwanangu, mwili mzima. Baba yako akafungua. Baba akatoka anapangusa vumbi la mahindi, akamwona Bibi Mkunde, akavua kofia yake. Bibi Mkunde akamshika mikono, akaigeuza, akaviangalia vile viganja kwa muda mrefu. Nikamweleza yote, tangu reli mpaka tita la mlangoni. Nilitegemea atanihurumia. Hakunihurumia.

"Mna mgonjwa, mnamfungia kama mwizi," akasema. "Jumamosi mganga akipita akakuta mzee amefungiwa chumbani, atahitaji ushahidi gani tena? Nyinyi wenyewe mtakuwa mmeshamkamata kwa niaba yake."

Baba yako akasema twaweza kumpeleka Korogwe, kambini alikokulia. Bibi Mkunde akamuuliza huko yuko nani. Hakuna mtu. "Kwa hiyo mkamtupe," akasema, na baba yako akaangalia chini. Bibi Mkunde hakuwa na maneno laini, lakini alipokuwa anasema maneno hayo alikuwa tayari anampaka baba mafuta ya nazi kwenye viganja.

Kisha akatupanga. Yeye angekwenda kwa mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo, mambo yafikishwe ofisini kabla hayajafika kwenye mkoba wa mganga. Sisi tumpeleke baba zahanati tukaombe barua ya rufaa, halafu hospitali Handeni mjini, na tusiondoke pale bila kumwona afisa ustawi wa jamii. Sikuwahi kulisikia hilo jina. Nikauliza ni polisi? "Ni mtu wa serikali ambaye kazi yake ni watu kama nyinyi," akasema. "Kazi yake ni wazee, watoto na walioshindwa. Mnamlipa kwa kodi zenu, mnakaa nyumbani mnalia na mahindi." Akatoka na makaa yake. Mlangoni akageuka akaniambia, kwa sauti ya chini safari hii, kwamba njiani atapitia kwa Mama Hadija kumhimiza, mtoto naye apelekwe zahanati.

Kesho yake tukambeba baba kwa bodaboda, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. Tulipita mbele za watu. Niliwaamkia wote, na walioitikia waliitikia kwa macho ya kunipima. Zahanati walimpima malaria, presha na sukari, daktari akaandika rufaa. Alituambia mzee akibadilika ghafla akili, mara nyingine ni maradhi tu kama ya mkojo au homa, yanatibika, ndiyo maana lazima apimwe kwanza kabla hujasema ni uzee. Mimi nilitamani iwe hivyo. Niliomba Mungu iwe mkojo.

Hospitali niliogopa foleni. Nilidhani baba atachoka, atapiga kelele, watatucheka. Kumbe lilikuwapo dirisha la wazee, limeandikwa kabisa ukutani, na mimi nilikuwa nimelipita mara mbili kwa hofu bila kulisoma. Tukaonwa upesi, wala hatukulipa matibabu. Lakini tulipokuwa tunasubiri majibu nje, nilimwachia baba mkono kidogo nifunge kanga, nikageuka nikakuta ameinama kwenye maua ya hospitali. Anang'oa, analinganisha, anafunga. Mlinzi alikuwa anakuja kwa hasira na rungu lake. Nikasimama katikati yao. Nikasema, "Ni mgonjwa. Baba yangu ni mgonjwa." Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema maneno hayo mbele za watu, na niliyasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Mlinzi akasimama. Akaangalia tita, akamwangalia baba, akasema, "Pole, mama," akaenda kutuletea benchi.

Afisa ustawi alikuwa dada wa makamo, ofisi yake ndogo, mafaili mpaka chini. Alisoma majibu, akazungumza na daktari, akatueleza taratibu. Haukuwa mkojo. Ulikuwa ugonjwa wa kusahau, ubongo unachakaa, na dawa ya kuurudisha hakuna. Akasema mgonjwa wa namna hii husahau ya jana akakumbuka ya ujana, hivyo wengi hurudia kazi yao ya zamani. Mwalimu anafundisha ukuta. Mkulima anatafuta jembe. Tusimbishie, tusimfungie, tumtafutie kitu cha kufunga nyumbani, tukae naye kwa zamu, tushone jina lake na la kijiji kwenye shati. Nikamwambia, "Dada, hayo yote tutafanya, ila Jumamosi watamuua." Nikamweleza. Uso wake ukabadilika. Hakutuahidi makubwa, alisema wazi kwamba wilaya ni pana na yeye hana hata usafiri wa uhakika. Lakini simu alikuwa nayo. Akampigia mtendaji wetu mbele yangu, kisha akampigia polisi wa kata, akawatajia jina la baba na ugonjwa wake. Kitu kile kilinipa nguvu. Mpaka hapo baba alikuwa ni siri ya watu wachache. Sasa alikuwa anajulikana ofisini.

Jumamosi ikafika. Uwanja wa ofisi ya kijiji ulijaa watu, wengi wametoka gulioni na vikapu vyao. Mganga amekaa upande mmoja na mkoba wake, ametulia kama anayejua chakula kipo jikoni. Polisi wa kata alikuwapo, peke yake, na umati ule angeufanya nini? Mtendaji akasema kabla mgeni hajafungua mkoba, kuna familia inataka kusema. Bibi Mkunde akaniangalia. Nikasimama na baba, nimemshika mkono.

Nimeogopa mara nyingi maishani. Nilipojifungua wewe niliogopa, baba yako alipoumwa niliogopa. Lakini sijawahi kuogopa kama katika hatua zile za kutoka kwenye benchi mpaka katikati ya uwanja. Watu walifungua njia na kujivuta nyuma, kina mama wakavuta watoto. Kijana mmoja alikuwa na jiwe. Nililiona jiwe, na aliona kwamba nimeliona, hakulidondosha. Baba alikuwa anawaamkia watu kwa kichwa, kulia na kushoto, hana habari.

Nikasema matita ni yake. Uwanja ukavuma. Nikasema si tego, ni kazi, alikuwa mkata mkonge, anaumwa kusahau, hospitali wamempima. Sauti ikanikatika. Sidhani hata nusu yao walinisikia. Ndipo Bibi Mkunde akaja na mzigo wa majani ya mahindi akaumwaga miguuni kwa baba, na akakaa chini palepale vumbini, na koti lake, karibu naye kabisa. Lile la kukaa ndilo lililowanyamazisha. Mtu hakai hivyo na mchawi.

Baba alipoona majani akaacha yote mengine. Akapiga goti. Akayalinganisha, akayagonga chini mashina yawe sawa, akachana kamba kwa meno, akazungusha, akakaza kifundo. Akaliweka tita kando. Akachukua mengine. Watu wakamtazama kimya mpaka majani yakaisha. Kisha akainuka kwa shida, ameshika kiuno, akatafuta kwa macho mtu wa kumwendea, na katika watu wote wale akamchagua Mama Hadija. Nadhani ni kwa sababu alikuwa mrefu, amesimama mbele, amekunja mikono. Akavua kofia.

"Mnyapara," akamwambia, "nimemaliza. Hesabu, mimi niende. Sijala tangu asubuhi."

Mimi nilifumba macho. Hadija alikuwa amepelekwa zahanati, wamemkuta na malaria, dawa ameanza, lakini alikuwa bado mgongoni kwa mama yake amelegea. Neno moja la yule mama lingetosha, kwa upande wowote. Halafu nikasikia sauti yake.

"Nimehesabu, mzee. Umemaliza. Nenda ukale."

Baba akashukuru, akavaa kofia, akanishika mkono akitaka twende nyumbani. Yule kijana sikuona jiwe alilipeleka wapi.

Sitakuambia kwamba siku ile kijiji kizima kilibadilika. Mganga aliondoka amenuna, na wapo watu walioikwepa nyumba yetu mpaka baba alipofariki, hawakupita mlangoni. Mara kadhaa tulirushiwa mawe juu ya bati. Nimelala miaka ile jicho moja limefunguka. Lakini mhudumu wa afya wa kijiji alikuwa anapita kumwangalia, baraza la wazee waliweka zamu ya kukaa naye ili mimi niende shamba, na wengi wakiona tita njiani walikuwa wanapiga hodi na kusema, "Mama, tumehesabu." Hadija mwenyewe alipokua kidogo alikuwa anamletea majani. Baba alifia kitandani kwake, mchana, mlango ukiwa wazi.

Sasa nikuambie kwa nini nimeyatoa haya leo.

Juzi jirani alinikuta jikoni kabla hakujapambazuka. Nimewasha moto mkubwa, nimekanda unga wote uliokuwa ndani, karai limejaa mafuta yanayotoa moshi, na kanga yangu ilikuwa imeanza kuungua pindoni bila mimi kujua. Akaniuliza, "Bibi, unampikia nani?" Nikamjibu kwamba gari la Arusha linakaribia. Nilijibu kwa uhakika kabisa, mwanangu. Nilikuwa nausikia muungurumo wake. Ni mpaka aliponimwagia maji miguuni ndipo nilipoona hili ni jiko langu la Mazingara, na stendi niliiacha kabla hujazaliwa.

Matita ya babu yako yalitisha watu, lakini hayakuunguza. Mimi kazi yangu ya ujana ilikuwa moto. Naogopa. Naogopa kuunguza nyumba, naogopa kumuunguza mjukuu akija kulala kwangu, na naogopa macho ya watu, kwa sababu nayajua. Leo akili ninayo, ninasema na wewe kama mtu mzima. Kesho sina hakika.

Kwa hiyo sikiliza, na usisubiri nikuombe mara ya pili. Usinifiche, hata kwa upendo, maana nimekaa upande ule wa mlango uliofungwa na ninajua upendo unavyoweza kuushika ufunguo. Kesho kutwa njoo unichukue twende zahanati wanipime kwanza, huenda ni presha tu. Tukipewa rufaa tupitie dirisha la wazee. Wewe uko Chanika, hospitali iko karibu nawe, nenda kabla yangu ukaulize afisa ustawi wa jamii anakaa mlango gani, usije ukaanza kuuliza siku nimepotea. Hapa kijijini mwambie mtendaji, mwambie mwenyekiti, mwambie mhudumu wa afya, nenda kwa wazee wa baraza. Bibi Mkunde hayupo lakini kiti chake kina mtu. Waambie majirani kwa jina la ugonjwa kabla wao hawajautafutia jina. Ukihamia mji mwingine, ukaoa huko au ukajenga, swali la kwanza uulize ofisi ya kata ni hilo: wazee wa hapa wanahudumiwa na nani? Uliza ukiwa na amani. Ondoa viberiti nyumbani kwangu. Niachie unga na beseni.

Na usibebe peke yako. Mgawane zamu na ndugu zako, mlale, mle, mcheke. Mimi na baba yako tulikaribia kufa kwa kubeba wawili kitu cha kijiji kizima.

Mungu akukinge na hofu niliyoijua mimi, akupe majirani wa kukaa chini vumbini pamoja nawe, na uzee wako uukute mlango ukiwa wazi. Na siku nitakapokuja kwako na beseni, nikakutazama nisikujue, nikakuita abiria, usilie mbele yangu wala usinibishie. Pokea andazi, mwanangu. Niambie gari limeondoka salama, na kwamba abiria wote wameshiba.